Mwaka wa Koti la Sajenti

Mwezi uliopita tulisoma arobaini ya mama yangu mdogo, Bi Mwanaisha, katika nyumba yake ya Makorora. Baada ya hitima, wali ukiwa umeshaliwa na masufuria yanasubiri wa kuyasugua, ikaja shughuli ya nguo. Mkeka ukatandikwa ukumbini, kanga zake zikapangwa doti kwa doti, na mabaibui, na foronya alizodarizi mwenyewe, na miwani ambayo haikumfaa mtu lakini kila mtu aliijaribu. Binti mmoja wa ukoo, msomi, mwenye kucha ndefu, akaninong'oneza: "Bibi, hivi nguo ya marehemu ni lazima uivae, au inatosha kuiweka kabatini?" Nikamwambia aivae tu, kanga haijapata kumpeleka mtu mahabusu. Kisha nikacheka peke yangu, na watu wakanitazama kama nimeingiwa na wazimu. Hawakujua. Mkeka mwingine ulitandikwa palepale, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na kilichopangwa juu yake siku ile kilimpeleka mtu mahabusu kweli.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, na matokeo yangu yalikuwa ya kunyamaziwa. Mume wa mama mdogo alipofariki, nikatumwa kwenda kukaa naye eda. Mwanamke akifiwa na mume hatoki nyumbani mpaka eda iishe. Hajipambi, hajitii manukato, na wanaume wa nje hazungumzi nao ila kwa haja, tena nyuma ya pazia. Kwa hiyo huhitaji miguu ya mtu mwingine, na miguu hiyo ikawa mimi. Chumba chetu kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama barazani, hivyo kila kilichosemwa na wanaume waliokaa nje tulikisikia kana kwamba tumekaa nao. Kilikuwa na kitanda cha chuma, kabati lenye kioo kilichofunikwa kitambaa, na chini ya kitanda sanduku la chuma la kijani lenye namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Marehemu Rajabu alikuwa sajenti mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Sajenti, hata wale ambao hawakujua kama ana jina jingine. Asubuhi tulikunywa uji wa mchele, mchana tukala bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, jioni chai ya mchaichai. Aliyetupikia siku za msiba alikuwa Mama Eliya, mpangaji wa chumba cha uani, Mshambaa wa Lushoto na mwanakwaya wa Kilutheri, ambaye bada aliijua kuisonga kuliko mimi niliyezaliwa nayo. "Wewe Tatu utaolewa na nani na mkono huo?" alikuwa akiniuliza kila nilipoharibu sufuria.

Siku ya arobaini walikuja Wabondei wote wa upande wa marehemu kutoka Muheza, wakiongozwa na Mzee Kombo, mkubwa wa ukoo. Huyu Mzee Kombo alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi, na kwa desturi za mababu hakuna aliyemshinda. Baada ya hitima akaagiza sanduku la kijani litolewe. Mama mdogo alikuwa nyuma ya pazia, ameketi juu ya msala, na aliposikia chuma kikiburutwa sakafuni alinikamata kifundo cha mkono. "Lile aliniambia lirudishwe kambini," akasema. "Mwenyewe, kwa kinywa chake. Nenda kamwambie mzee." Nikaenda, nikapiga magoti, nikamwambia Mzee Kombo polepole asisikie mtu mwingine. Akakohoa, akanijibu kwa upole ambao ulinikera kuliko kama angenikaripia: "Mwanangu, kambi haikumwosha, haikumsitiri. Nguo za marehemu ni za wafiwa." Na kwa kweli hapakuwa na ubaya katika neno lile. Watu wale hawakuwa wezi wala wajeuri. Walikuwa wanafanya walichofanya miaka yote kila alipokufa mkulima au fundi seremala, ila safari hii aliyekufa alikuwa askari, na hakuna kati yao aliyeona kwamba tofauti ipo.

Basi vitu vikapangwa mkekani. Mkanda mpana wenye nembo kwenye bizimu lake alipewa mwalimu wa madrasa aliyemwosha marehemu, maana mwosha hana budi kupata kitu. Sweta la kijani lenye vitambaa mabegani alipewa Mama Eliya, ambaye alimuuguza Sajenti kuliko ndugu zake wengi. Mkristo au si Mkristo, wazee walisema, mkono wake tumeuona. Mimi nikapewa mfuko wa turubai wenye mhuri wa jeshi, ambao kwa siku nyingi nilibebea vitunguu na nazi kutoka sokoni, nikijiona mtu. Kilichobaki cha mwisho kilikuwa koti la kombati, la mabaka, limepigwa pasi, nembo mkononi na V tatu za usajenti. Koti halikugawiwa kama vile vingine. Koti lilikwenda na jina.

Niieleze desturi yenyewe, maana wajukuu zangu hawaijui. Kwa wale jamaa wa Muheza mtu mzima akifa, jina lake haliachwi lizagae. Anachaguliwa ndugu, anakalishwa kwenye kigoda, anavishwa nguo ya marehemu mbele ya watu, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu watamwita baba, wenye kumwamkia marehemu watamwamkia yeye. Sisi wa Kigombe, kwao mama mdogo na kwetu, nguo tunagawa lakini jina tunamwachia mwenyewe aende nalo. Aliyekalishwa kigodani siku ile, nje barazani, alikuwa mdogo wake Rajabu, Ami Salehe, dalali wa machungwa pale Muheza, mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Akavishwa koti. Lilimkaa kama alishonewa yeye. Watu wakapita mmoja mmoja: "Shikamoo, Sajenti." "Marahaba." "Shikamoo, Sajenti." "Marahaba." Ami Salehe alikuwa analia machozi ya kweli, yanadondoka mpaka kwenye vifungo, na sitaki kumwonea: alimpenda kaka yake. Mimi nililia pia.

Machozi yangu yalikauka jioni ile. Wageni wengi walikuwa wameondoka, wazee wamebaki barazani wanakunywa kahawa chungu, na sisi tuko chumbani, mimi nachambua mchele, mama mdogo anakunja nguo. Mzee Kombo akasema nje, kwa sauti ya mtu anayezungumzia shamba: "Eda ikiisha mambo yafuate njia yake. Nyumba ina mwenyewe, na mke ana mwenyewe. Salehe si ameshavaa koti?" Wengine wakasema naam, ndivyo. Ami Salehe alikohoa tu, na kikohozi chenyewe kilikuwa cha marehemu. Nilimtazama mama mdogo. Aliendelea kukunja, shati la mumewe, kanzu ya mumewe, mpaka zikaisha, kisha akazikunjua zote akaanza upya. Asubuhi, tulipokuwa tunakunywa uji, ndipo aliponiambia. "Tatu, wamenihesabu pamoja na sanduku." Hakuwa na watoto. Nyumba ile walijenga wawili, tofali kwa tofali, yeye kwa vitumbua vyake na mume kwa mshahara wake, na alitaka kubaki humo na msiba wake, bila kumpelekea mwanaume mwingine maji ya kuoga. Kumkataa Salehe maana yake ilikuwa kuukataa ukoo, na ukoo ungeweza kusema haya, rudi Kigombe ulikotoka. Aliogopa. Aliniambia wazi kwamba anaogopa, na mtu mzima kuniambia hivyo kulinitia hofu mimi zaidi.

Ami Salehe alilivaa koti kila siku ya Mungu. Kwenye soko la machungwa wapagazi wakaanza kumpisha, makondakta wakamwita afande na kumwachia kiti cha mbele, na wauzaji waliokuwa wakibishana naye bei wakawa wapole. Haya tuliyasikia kutoka kwake mwenyewe, kwa sababu kila Ijumaa alikuja Makorora na kapu la machungwa, akakaa kwenye kiti cha kaka yake barazani na kuuliza kwa sauti: "Chai yangu iko wapi?" Neno lile "yangu" lilikuwa linapenya dirishani kama moshi. Nilimpelekea chai kwenye kikombe cha marehemu, kwani ndicho alichokitaka, na ndani mama mdogo akavuta kanga usoni. Machungwa yale hakuyala hata moja. Tuliyakamua mimi na Mama Eliya, na sikatai, yalikuwa matamu.

Siku moja asubuhi gari la matangazo likapita mtaani likilia: raia yeyote mwenye sare au kifaa chochote chenye alama ya jeshi akisalimishe, muda ukipita atachukuliwa hatua. Hata siku hizi tangazo hilo husikika mara kwa mara, na wajukuu zangu hununua mabaka kwenye mitumba kana kwamba wana masikio ya kukopa; mmoja nilimvua kofia mlangoni, akadhani namtania. Mzee Kombo, alipoulizwa, alisema tangazo lile ni la wahuni na wauza mitumba, si la wafiwa. Mama mdogo hakubishana na mtu. Alinituma. Mfuko wangu ukawa wa kwanza kurudi sandukuni, vitunguu vikahamia kwenye kikapu. Mwalimu wa madrasa alirudisha mkanda siku hiyohiyo, akakiri kwamba tangu apewe ulikuwa unamzunguka mara mbili. Mama Eliya alinuna. Alikuwa ameshajiandaa kwenda na sweta lake Lushoto, kwenye baridi, na aliliweka mezani akalipiga-piga kama mtoto analazwa. "Sijavaa jeshi mimi," akasema. "Nimevaa Sajenti tu, jirani yangu." Lakini alilitoa. Likabaki koti. Nikapanda basi mpaka Muheza, nikamkuta Ami Salehe amesimama juu ya lundo la machungwa, nikamwambia mama mdogo anaomba koti lirudi. Alinicheka mbele ya wapagazi wake. "Kamwambie mke wangu aache woga. Koti hili nimevishwa na wazee, na wazee ndio watakaolivua."

Niliporudi na jibu hilo, mama mdogo aliniomba niyarudie maneno yale ya mwisho. Nikarudia. Akasema, "Haya," akaenda kuswali. Wakati ule sikuelewa alichokishika.

Hazikupita siku nyingi. Utingo wa basi la Muheza alikuja mbio mpaka barazani kwetu na kusema Sajenti amekamatwa. Mama Eliya akaita jina la Yesu, maana Sajenti aliyemjua yeye alikuwa kaburini. Ilikuwa hivi, kama tulivyokuja kuielewa. Gari la jeshi lilisimama sokoni kununua machungwa, na askari mmoja alipoona V tatu juu ya lundo akapiga saluti. Ami Salehe akaipokea. Angeshuka pale akasema, kijana, hili ni koti la marehemu kaka yangu, yangekwisha. Lakini aliulizwa jina na kikosi, naye akajibu kama alivyofundishwa kigodani: yeye ni Sajenti Rajabu. Akaulizwa anaishi wapi, akasema nyumba yangu iko Makorora, mke wangu yuko eda. Askari akashangaa. "Eda ya nani?" "Ya Sajenti Rajabu." "Na wewe ndiye nani?" "Si nimekwambia? Sajenti Rajabu." Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Askari hawakucheka. Walikuwa na raia aliyevaa cheo, anayejiita kwa jina la askari aliyekufa, na tena hababaiki. Akalala mahabusu.

Kesho yake mchana gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka kapteni kijana, mwenye adabu na haraka, na nyuma yake Ami Salehe kati ya askari wawili, koti bado mwilini, uso umesawajika. Mzee Kombo alikuwa amewahi kufika kwa basi la asubuhi, na wazee wengine wawili, na mtaa wote ulikuwa umejaa barazani na uchochoroni. Kapteni akaamkia wazee shikamoo, kisha akaeleza kwa ufupi. Mtu huyu anadai ndiye marehemu. Wazee wake nao, wameulizwa, wanasema ndiyo, ndiye. Yeye kapteni anachotaka ni mtu mmoja wa kumwambia kweli, kwa sababu kama mtu huyu anatumia jina la askari wetu kwa utapeli tunampeleka mahakamani, na si kesi ndogo. Akaambiwa mjane yumo ndani, eda haijaisha. Akavua kofia, akasogea dirishani, akasimama pembeni asiweze kuona ndani. Hilo lilimpa heshima kwangu.

"Mama, pole na msiba. Mtu huyu anasema yeye ni Sajenti Rajabu, na wewe ni mke wake. Ni kweli?"

Nilikuwa nimesimama karibu na mama mdogo. Nje Mzee Kombo alikohoa, kikohozi cha kuonya. Ndipo nilipoona jinsi walivyojifunga wenyewe. Akisema ndiyo, ukoo utaridhika na Salehe ataozea ndani. Akisema siyo, Salehe atatoka, lakini atatoka akiwa hana kitu.

"Mume wangu amekufa," akasema mama mdogo. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilifika mpaka uchochoroni. "Nilimfumba macho kwa mkono wangu. Huyo ni Salehe, mdogo wake, dalali wa machungwa, hajapata kushika bunduki. Si tapeli. Alivishwa koti na wazee kwa desturi yao, na yeye akaamini. Msimfunge mtu kwa kuamini."

"Na koti?"

"Koti ni lenu. Marehemu mwenyewe alitaka lirudi. Ila alivulie hapahapa barazani, palepale alipovishwa, na aseme mwenyewe yeye ni nani. Kisha niletewe dirishani kwanza."

Kapteni akageuka. "Wewe ni nani?" Ami Salehe akamtazama Mzee Kombo, na Mzee Kombo akawa anatazama fimbo yake. "Mimi ni Salehe," akasema. Kapteni akamwambia hajasikia, na ile sauti ya kuvuka barabara siku hiyo ilikuwa haipo kweli. "Mimi ni Salehe. Salehe, mdogo wake Rajabu." Akafungua vifungo kimoja kimoja. Chini alikuwa na fulana iliyotoboka begani, na mtu mrefu yule akaonekana mdogo ghafla, na nilimwonea huruma, nisiseme uongo, pamoja na chai zake zote. Mzee Kombo akajikongoja akasimama. Desturi ilikuwa yake na hakuwa mtu wa kuipinda, hata ilipomgeukia. "Lililovishwa mbele ya watu likivuliwa mbele ya watu, limevuliwa na jina," akasema. "Basi. Imekwisha." Ndipo nilipoelewa lile "Haya" la siku niliyorudi kutoka Muheza. Mama mdogo, ndani ya chumba kimoja, bila kugombana na mtu, alikuwa amengoja siku ambayo koti litavuliwa wazee wakiangalia.

Lakini ushindi haukumfurahisha. Koti lilipoingia dirishani alilipokea kwa mikono miwili, akatia uso ndani yake. Halikuwa na harufu ya mumewe tena, aliniambia baadaye, lilinuka machungwa na jasho la Salehe, na hilo ndilo lililomliza kuliko mengine yote. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakulia siku ya mazishi. Kisha akajifuta, akalilaza kitandani, akalikunja jinsi marehemu alivyomfundisha, mikono nyuma, nembo juu, akaliweka ndani ya sanduku pamoja na sweta, mkanda na mfuko wangu. Askari wawili wakalibeba. Kapteni akapiga saluti dirishani, kwa pazia lililofungwa, gari likaondoka, Ami Salehe akabaki amesimama barazani na fulana yake. Mama Eliya akamletea kanga ajifunike.

Eda ilipoisha mama mdogo alioga, akavaa kanga mpya, akatoka akakaa barazani kwenye kiti cha mumewe, na hakuna aliyekuja kumwambia mke ana mwenyewe. Akarudia vitumbua vyake. Nyumba ikabaki yake mpaka alipofia ndani yake. Mimi nilirudi Kigombe nikiwa najua kusonga bada, na nikijua pia kwamba mtu anaweza kukataa bila kupiga kelele, ingawa mwenyewe sikufaulu kila mara. Ami Salehe hakukanyaga Makorora kwa muda mrefu. Msimu mmoja machungwa yakaja kwa utingo bila salamu, msimu uliofuata yakaja na salamu, na mama mdogo akayala.

Mwezi uliopita naye alikuja kwenye arobaini. Ni mzee sasa, anaongozwa kwa mkono, na sauti imebaki nusu. Tulimkalisha barazani. Yule binti wa kucha ndefu, akiwa ameshajifunga kanga ya marehemu, alimpelekea maji, akamwamkia, akamuuliza kwa nia njema kabisa: "Babu, wewe ni nani kwa marehemu?" Nilikuwa mlangoni na nikasita, maana waliokuwepo siku ile tumebaki sisi wawili tu. Mzee akaweka kikombe chini, akanyoosha mgongo kama aliyeulizwa na askari.

"Mimi ni Salehe," akasema, na safari hii ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Shemeji yake. Nilisahau mara moja, yeye akanikumbusha."

Kisha akageuka akaniona mlangoni. "Tatu mwanangu," akasema, "kama kuna chai, naomba."